Mazoezi ya kubana nyonga baada ya kujifungua: kweli mtu anaweza kufundishwa kwa simu akapona?

#1 Mama_Wawili_Tandahimba
Habari zenu wana jukwaa. Mtoto wangu wa pili ana miezi minne. Tangu nijifungue, nikicheka, nikikohoa au nikijitwisha ndoo, mkojo unaponyoka. Si mwingi, lakini kitenge kinalowa na harufu naisikia mwenyewe. Kliniki ya mtoto nilimweleza nesi, akasema ni kawaida, itaisha yenyewe.

Wifi yangu wa Dar ameniunganisha na dada mmoja wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) anayefundisha kwa WhatsApp. Mnaonana kwa video mara moja, halafu kila jioni anatuma ujumbe wa sauti, "bana, shikilia, achia", na mwisho wa wiki anauliza umefikia wapi. Miezi mitatu, elfu thelathini.

Swali langu: huyu mtu hajanigusa, na ninachobana hakioni. Inasaidia kweli au ndiyo hela ya korosho inaliwa hivyo? Waliowahi kufanya naomba mnijuze. Wenye matusi piteni kando.

#2 Korosho_Ghafi
Hayo mazoezi ya kubana si ndiyo Kegel? Si ile ya wanaume kwenye majukwaa ya usiku? Leo mmewapa na akina mama?

#3 Bint_Mikindani
Mkuu #2 umelishika kwa mkia. Arnold Kegel alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, Mmarekani, na alipoandika kuhusu mazoezi hayo mwaka 1948 aliwalenga wanawake ambao misuli imelegea baada ya kuzaa. Nyie wanaume ndio mmeingia kwa mlango wa nyuma.

Mleta mada pole. Nilivuja mtoto wa kwanza, nikaacha, ikaisha. Mtoto wa tatu haikuisha.

#4 Bibi_wa_Mkaja
Wajukuu zangu mnahangaika na simu wakati jibu mnalo nyumbani. Ulikandwa? Ulifungwa mkaja? Arobaini uliimaliza ndani au siku ya kumi ulishakuwa sokoni na mtoto mgongoni? Sisi tulikuwa tunakandwa asubuhi na jioni, tumbo linafungwa kwa mkaja mpaka mwili unarudi, uji wa pilipili manga unashuka, na ndoo huishiki. Mikojo hii ya kucheka hatukuijua.

#5 Bint_Mikindani
Shikamoo bibi. Hamkuijua au hamkuisema? Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kanga ya ndani ya peke yake na hakuna aliyethubutu kumuuliza ya nini.

#6 Bibi_wa_Mkaja
Marahaba. Huyo wenu sijui. Mimi nasema niliyoyaona.

#7 Fizio_Kusini
Nimesomea kazi hii na ninaifanyia huku huku kusini. Nieleze kidogo.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi mkiani. Imebeba kibofu, kizazi na utumbo mkubwa wa mwisho, na ndiyo inayobana njia zote tatu. Wanaojua kitanda cha teremka tukaze watanielewa: kamba zikilegea, mlalaji anashuka. Mimba ya miezi tisa inazilegeza, na mtoto akipita anazivuta zaidi. Mapitio makubwa ya tafiti za nje yanasema karibu theluthi moja ya wanawake wanavuja mkojo baada ya kujifungua, na mpaka mmoja kati ya kumi anapata shida ya kuzuia haja kubwa. Kwa hiyo nesi aliyesema ni kawaida hakudanganya kwamba ni wengi. Ila kuwa wengi si sababu ya kuachwa bila kufundishwa.

Zoezi lenyewe: lala chali, kunja magoti. Bana njia ya haja kubwa kama unazuia upepo usitoke, kisha vuta na mbele kama unazuia mkojo, uisikie inapanda juu kwa ndani. Matako yatulie, mapaja yatulie, pumzi iendelee. Shikilia kadiri unavyoweza, hata sekunde tatu ni mwanzo, halafu achia kabisa kabla ya kurudia. Mwongozo wa Uingereza unataka angalau mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Ndiyo maana huyo dada wa Dar kakwambia miezi mitatu. Hajaitunga.

Na usifanye mazoezi ya kukata mkojo ukiwa unakojoa. Mara moja kuitambua misuli, sawa. Ukifanya mazoea, kibofu kinabaki na mkojo.

#8 Mke_wa_Karani_Masasi
Mimi nimefanya kwa simu, nilimaliza. Imesaidia. Ila ngojeni niwape upande ambao hamuambiwi.

Simu kubwa ni ya mume wangu, mimi natumia kiswaswadu. Kwa hiyo ujumbe wa mwalimu ulikuwa unaingia kwake. Msimu wa korosho, yuko ghalani kwenye foleni ya mzani, magunia yamepangwa na watu wamejaa, simu ikalia. Akajua ni mimi naulizia hela ya matumizi, akabonyeza. Sauti ikatoka kwa nguvu zote: "Haya mama, bana taratibu kama unazuia ushuzi... shikilia... usibane pumzi... na achia." Wapimaji mpaka leo wanamwita Bana Achia.

#9 Korosho_Ghafi
😂😂😂 Bana Achia wa AMCOS ipi, ushirika upi wa korosho? Nimpelekee salamu.

#10 Ntu_wa_Newala
Nimecheka mpaka bodaboda wenzangu wananiangalia. Lakini turudi kwenye hoja. Misuli misuli, sawa. Mbona hamsemi maji? Huku juu wanawake wamejitwisha ndoo tangu wana miaka saba, kushuka bondeni na kupanda. Mama yangu alikuwa anaondoka alfajiri anarudi jua limekolea. Bomba la Mitema likikatika leo hali ni ile ile. Mwanamke anajifungua, wiki ya tatu yuko na ndoo ya lita ishirini kichwani. Mnamfundisha kubana jioni, asubuhi ndoo inashusha kila kitu. Hiyo ndiyo sababu, mengine mbwembwe.

#11 Mstaafu_Wodi_ya_Wazazi
Mwanangu #10 una hoja, lakini usiifanye ndiyo pekee. Nimezalisha miaka mingi kabla sijastaafu. Nimewaona wasiojitwisha hata sufuria wanavuja, na nimewaona wa ndoo wasiovuja. Mtoto mkubwa, kusukuma muda mrefu, kuchanika mpaka njia ya nyuma, kikohozi kisichoisha, choo kigumu cha kila siku, unene, uzazi wa karibu karibu. Yote yamo.

Kilichonileta hapa ni kingine. Mleta mada, unavuja ukikohoa na kucheka tu, au mkojo unachuruzika muda wote hata ukiwa umelala? Leba yako ilichukua muda gani? Kama ni muda wote, simu weka chini. Hiyo inaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke, na hakuna kubana kutakakoliziba. Ni la kwenda hospitali. Vilevile homa, uchafu wenye harufu kali, mkojo kugoma kutoka, choo kinachotoka bila taarifa, au kitu kama uvimbe kinachochungulia ukeni: nenda ukaonwe kwa macho.

#12 Mama_Wawili_Tandahimba
Asante mama, shikamoo. Ni kukohoa, kucheka na ndoo tu. Usiku nalala mkavu. Leba haikuwa ndefu ila nilishonwa.

#13 Mstaafu_Wodi_ya_Wazazi
Marahaba. Hapo nimepumua kidogo. Nyuzi zimekauka? Hakuna maumivu? Basi endelea kusikiliza wenzio.

#14 Dada_wa_Shangani
Kuna watu wanaamini ukipasuliwa unaepuka. Mimi wote wawili wametoka kwa kisu, na nikiruka kamba na mwanangu navuja. Kwa hiyo habari ya "mtoto akipita" mnifafanulie, maana kwangu hakupita.

#15 Fizio_Kusini
Dada #14, mimba yenyewe inatosha kulegeza. Upasuaji unapunguza uwezekano, hauufuti. Ukishatolewa mpira wa mkojo na ukawa vizuri, unaanza mibano ile ile.

#16 Mpinga_Fasheni
Natofautiana na wanaosifia simu. Mwaka 1991 Marekani walichapisha utafiti mdogo, wanawake 47, wakaelezwa kwa mdomo namna ya kubana, kisha wakapimwa kwa kifaa. Karibu nusu tu walibana sawasawa. Robo walifanya kwa namna ambayo ingeweza kuzidisha kuvuja, maana walikuwa wanasukuma chini badala ya kuvuta juu. Hao walielekezwa ana kwa ana! Sasa wewe wa Tandahimba, mtandao unakatika katikati ya "shikilia", nani atajua kama unavuta au unasukuma? Elfu thelathini ni nauli ya kwenda kuonwa na mtu.

#17 Mke_wa_Karani_Masasi
Nauli ya kwenda wapi? Masasi hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 200. Niende na mtoto mchanga, nilale kwa nani, nirudi, halafu wiki ijayo tena? Na ukifika, mtu wa fiziotherapia yuko na foleni ya waliovunjika miguu kwa bodaboda.

#18 Ntu_wa_Newala
Bodaboda tumeingiaje humu tena 😏

#19 Fizio_Kusini
Mkuu #16 utafiti huo naujua na ndio unaonifanya niwe mkali kwa wanaotuma sauti tu bila kumuuliza mtu chochote. Lakini kuna namna ya kujikagua bila daktari. Shika kioo kidogo, angalia: ukibana vizuri, sehemu kati ya njia mbili inaingia ndani na kupanda. Ikifutuka kutoka nje, unasukuma, simama. Au nawa mikono vizuri, ingiza kidole gumba ukeni, bana, utasikia kinakumbatiwa na kuvutwa juu. Mwenye kidonda kibichi asifanye hili la kidole. Huyo dada wa Dar akikuelekeza hayo na kukuuliza ulichoona, anajua kazi. Asipogusia, muulize.

Na kuhusu simu kwa jumla, Waswidi wa Chuo Kikuu cha Umeå walitengeneza programu ya simu inaitwa Tät. Waliijaribu kwa wanawake 123 wanaovuja wakikohoa na kuruka. Nusu walipewa, nusu wakasubiri. Baada ya miezi mitatu kuvuja kwa waliopewa kulikuwa kumepungua kuliko kwa waliosubiri, na hawakuonana na mtaalamu uso kwa uso.

#20 Mpinga_Fasheni
Waswidi wenye intaneti ya kasi na chumba cha peke yao. Na hao wengi hawakuwa wazazi wapya. Usilinganishe na mama mwenye mtoto wa miezi minne anayelala na watu watano chumba kimoja.

#21 Fizio_Kusini
Hilo la chumba ni kweli. La wazazi wapya pia ni kweli.

#22 Ummu_S_Kilwa
Mimi kilichoniumiza ni swala. Nachukua udhu, nikiinama kwenye rukuu nasikia tone. Narudi kisimani. Nikawa nachelewa kila kipindi, wifi zangu wakidhani namkwepa mtu. Nilianza kubana kabla ya kuinama. Yaani kwanza nabana, ndipo nainama. Hilo moja lilinisaidia haraka kuliko mazoezi ya kulala chali.

#23 Fizio_Kusini
Ummu S, hiyo inafundishwa kabisa. Bana kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, kabla ya kunyanyua ndoo. Mleta mada ianze leo, haina gharama.

#24 Mzee_wa_Lindi_Mjini
Watu wa Mtwara mna maneno mengi. Huku Lindi wake zetu hawavuji.

#25 Dada_wa_Shangani
Umewauliza?

#26 Mzee_wa_Lindi_Mjini
...nimeuliza. Nimeambiwa nisiulize tena.

#27 Bint_Mikindani
😂😂 Mzee umeponea padogo.

#28 Bibi_wa_Mkaja
Nimesoma yote, mjukuu ananisomea. Huyu wa fiziotherapia hajagusa mkaja. Anaogopa?

#29 Fizio_Kusini
Shikamoo bibi, siogopi. Mkaja wa kushikilia tumbo kiasi, mama anatembea na kupumua vizuri, sina ugomvi nao, wengi unawapa nguvu ya mgongo. Ukikazwa mpaka pumzi haishuki, mimi naona shinikizo linakwenda chini kwenye misuli ile ile iliyochoka. Na kukandwa kwa maji ya moto juu ya nyuzi mbichi, hapana. Wapo wanaokuja wameungua.

#30 Bibi_wa_Mkaja
Anayeunguza mzazi hajui kukanda. Huyo mlaumuni yeye, msilaumu maji. Na arobaini hujasema.

#31 Mstaafu_Wodi_ya_Wazazi
Kwenye arobaini niko na bibi. Kumpumzisha mzazi asibebe mizigo ni dawa nzuri tu, na tumeiacha kwa sababu kila mtu yuko shambani. Ila kumlaza siku arobaini asitembee kabisa, miguu ikavimba damu ikaganda, hapo hatuko pamoja.

#32 Korosho_Ghafi
Naomba niulize bila utani. Baba yangu alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, tangu hapo anavuja, ameacha hata kwenda msikitini. Haya ya kubana yanamhusu?

#33 Fizio_Kusini
Yanamhusu sana. Wanaume baada ya upasuaji wa tezi dume hufundishwa misuli hiyo hiyo. Mwambie abane kama anazuia upepo na kama anavuta uume uingie ndani. Lakini aanze kwa aliyempasua, ajue hali yake.

#34 Korosho_Ghafi
Shukrani mkuu.

#35 Mwalimu_Nachingwea
Nyote mnaongelea WhatsApp. Wanawake wangapi vijijini kwetu wanayo? Miaka ya nyuma kulikuwa na ujumbe wa bure wa Wazazi Nipendeni, ulioanza 2012. Ulikuwa unatuma neno mtoto kwenda 15001, na ulikuwa unaingia hata kwenye kiswaswadu. Mke wangu alijiunga. Alikumbushwa kliniki, vyandarua, chakula, dalili za hatari. La kubana nyonga sikumbuki kuliona. Mtu akitaka kufanya jambo la maana aandike ujumbe mfupi wa maandishi, kila siku mmoja. Bila video.

#36 Mpinga_Fasheni
Kumbusho si mafunzo. Utakumbushwa kufanya vibaya kila siku.

#37 Mstaafu_Wodi_ya_Wazazi
Kumbusho silidharau. Wengi hawaachi kwa kutojua, wanaacha kwa kusahau na kuchoka. Na simu imeshawahi kufanya makubwa kwa wanawake wa aina hii. Hospitali ya CCBRT kule Dar matibabu ya fistula ni bure, lakini wanawake wa mikoani walikuwa hawafiki kwa kukosa nauli. Wakaanza kutumiwa nauli kwa M-Pesa kupitia mtu aliyewaibua kijijini, wakafika. Simu haikumshona mtu, ilimfikisha tu.

#38 Mpinga_Fasheni
Mama, hapo umeniunga mkono bila kujua. Simu imfikishe kwa mtaalamu.

#39 Mke_wa_Karani_Masasi
Au mtaalamu amfikie kwa simu. Mbona unalazimisha safari?

#40 Ntu_wa_Newala
Na maji mmeyaacha wote. Fundisha ubane, ndoo ipo pale pale. Halmashauri ikichimba kisima karibu utaona kuvuja kunapungua bila sauti ya mtu yeyote.

#41 Asiyevuja_Tena
Nitoe langu ambalo halijasemwa. Nilibana kwa bidii, kwa video, na kioo nilishika. Haikupungua. Kumbe yangu haikuwa ya kukohoa, ilikuwa ya haraka: nikisikia mkojo sifiki chooni, nikisikia maji yanamwagika ndiyo kabisa. Nilipopimwa nikakutwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Nikapewa dawa. Baada ya hapo nikafundishwa kusubiri kidogo kidogo kabla ya kwenda chooni. Kwa hiyo kabla ya elfu thelathini, pima mkojo kwanza. Kipimo ni cha hela ndogo na kipo kwenye kituo chochote cha afya chenye maabara.

#42 Fizio_Kusini
Hoja nzuri sana. Na wengine misuli yao haijalegea, imekaza. Wana maumivu wakikaa, tendo la ndoa linauma. Hao ukiwaambia wabane unawaongezea. Wanahitaji kujifunza kuachia.

#43 Dada_wa_Shangani
Sasa nimechanganyikiwa. Nibane au niachie?

#44 Mzee_wa_Lindi_Mjini
Muulize Bana Achia.

#45 Mama_Wawili_Tandahimba
Nimesoma yote, asanteni. Bibi, mkaja nilifungwa, na mama mkwe ndiye aliyekaza. Mama mstaafu, kesho napitia kituo cha afya nipime mkojo. Yule dada wa Dar nimemuuliza habari ya kioo. Amejibu, "Hilo tutafanya somo la kwanza, uwe peke yako chumbani." Nimemtumia nusu, nusu nikiona anauliza maswali ya maana. Mume wangu anasema nusu iliyobaki ni ya salfa, dawa ya mikorosho.

#46 Ntu_wa_Newala
Shemeji yuko sahihi, mikorosho haisubiri 😂

#47 Mama_Wawili_Tandahimba
Mwambie abebe ndoo basi.

#48 Ntu_wa_Newala
Hapo sina la kusema. Nitamletea kwa boda, lita ishirini mia tano.

#49 Mwalimu_Nachingwea
Fizio, kuna mama mmoja jirani yangu, mtoto wake wa mwisho yuko darasa la tano. Amechelewa?

#50 Fizio_Kusini
Hajachelewa, hata wa miaka sitini wanafaidika. Ila aonwe kwanza kama kizazi hakijashuka. Kikiwa kimeshuka kidogo mazoezi yanasaidia. Kikiwa kimetoka nje ni habari nyingine.

#51 Ummu_S_Kilwa
Fizio, kwa nini usifungue kundi la WhatsApp tukawa tunakumbushana? Bure au kwa mchango kidogo.

#52 Fizio_Kusini
Naweza. Nataka kwanza niongee na kila mmoja peke yake kwa simu, dakika kumi, nijue nani wa hospitali na nani wa mazoezi. Wenye kiswaswadu nitawapigia mimi. Nitumieni inbox wilaya mnayotoka.

#53 Dada_wa_Shangani
Kundi mimi siingii. Mtwara mjini tunajuana, kesho nikipita sokoni mtu anacheka najua anachochekea. Nipigie tu. Saa tatu usiku, mtoto akishalala.

#54 Mke_wa_Karani_Masasi
Na mimi. Ila piga namba ya kiswaswadu, nimekutumia inbox.